Mzee Lameck Mwikwabe, Aliyeuliza Nani Amemwosha Marehemu

Ndugu Lameck Mwikwabe, mwandishi wa habari hapa Redio Mwalo, Musoma, anastaafu tarehe 30 mwezi huu wa sita, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Mhariri wetu Baltazari amenipa mimi kazi ya kumwandikia. Nikamwambia mimi ni wa chai na usafi, na shule nimeishia darasa la saba. Akasema, "Mama Florian, andika kama unavyoongeaga jikoni." Basi mnivumilie.

Mzee Lameck ni mtu wa Butiama, mtoto wa wafugaji. Alianzia kwenye bei ya pamba kutoka Bunda, baadaye akapewa matangazo ya vifo kwa sababu vijana walikuwa wanayakimbia. Pikipiki haendeshi. Anapanda nyuma, anamkumbatia dereva, macho kayafumba, ndiyo maana boda boda wa Nyakato wakimwona wanapiga kelele, "Bibi harusi huyo, mpakieni pole pole!" Samaki anapendaga furu peke yake. Ukimwekea sangara anakuuliza amekukosea nini. Anasema samaki wa miiba anamfundisha mtu kula bila haraka.

Kazi yake nayo ilikuwa ya namna hiyo, haina haraka. Watu wa msiba wakija mapokezi na tangazo lao, wengine wangelipokea tu wakawaaga. Yeye aliwakalisha, akaniita nilete chai, halafu anawauliza habari za marehemu. Alikuwa mtu wa namna gani? Ameugua nini? Nani amemwosha? Swali la mwisho hakuliachaga, maana huku kwetu mtu akifa anaoshwa na wa kwao kabla ya kuzikwa, na aliyemwosha ndiye anayejua amekufaje. Vijana wa studio wakamtania, "Mzee, hii ni redio, siyo kilio." Akawajibu, "Mtu hasomwi kama bei ya pamba."

Miaka mitatu iliyopita zikaja familia mbili ndani ya wiki chache, moja ya Butiama, nyingine ya Kabasa kule Bunda. Wote walijibu sawasawa, kwamba hakuna aliyemwosha. Jeneza lililetwa limepigiliwa misumari, na wataalamu wakakataza lisifunguliwe kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza. Marehemu wote walitoka kwenye kambi ya watafiti, huko mwambaoni mwa ziwa, walikokuwa wanajaribiwa dawa mpya ya kichocho. Watu waliisifia sana ile kambi. Mzee Lameck alikaa jikoni kwangu chai imempoa, akasema, "Ugonjwa gani huo wa kuambukiza, na jeneza wanawapa ndugu walibebe kwa mikono yao?"

Florian wangu, kitinda mimba, alikuwa kwenye kambi ileile.

Wa tatu alikuwa Masanja wa Nyasura. Mama yake, Yuliana, ndiye alileta tangazo. Mzee akamuuliza kama kawaida, nani amemwosha? Yule mama alisimama, akaacha chai, akarudi Nyasura. Kuosha mwanamume ni kazi ya wanaume, lakini kaka zake Masanja waliogopa ugonjwa. Yuliana akasema, "Nilimwogesha akiwa mdogo, na leo namwogesha mimi." Akang'oa misumari ya jeneza. Kesho yake asubuhi alikuwa tena mapokezi. Mwanae alivunjwa shingo.

Mzee Lameck alipeleka habari polisi, wakaanza shughuli yao. Ila yeye aliogopa jambo moja. Wenye kambi wakisikia wamejulikana, waliobaki ndani watafanywa nini? Akapanda boda boda, macho kafumba, akatuzungukia akina mama wote wenye watoto mle. Mchana huo tulikuwa getini na khanga za msiba. Kwetu mtu akiambiwa kwao kuna msiba hakuna wa kumzuia, hata akiwa kazini kwa mzungu. Mlinzi akauliza, "Nani kafa?" Yuliana akajibu, "Wa kwangu. Na hao vijana wote ndio wachimba kaburi." Wala hakusema uongo. Wakaanza kuitwa majina, wakatoka mmoja mmoja, wengine wanashikiliwa kwapani, macho ya njano kama manjano.

Florian hakutoka. Daktari mmoja mwenye koti jeupe akaja akaniambia kwa upole, "Mama, huyo aliondoka jana mwenyewe. Labda yuko Mwanza." Na mimi naviona viatu vyake mlangoni kwenye bweni. Nilitaka kuingia. Mzee Lameck akanishika mikono yote miwili, akaniapia palepale, "Mama Florian, nitakuletea. Akiwa mzima, akiwa vyovyote, mimi nitakuletea."

Tulivyorudi akaingia studio saa ya vifo. Akamsoma Masanja, maisha yake yote, ng'ombe wake na utani wake. Halafu akasema, "Ameoshwa na mama yake. Mama amekuta shingo imevunjwa. Kama na kwako limeletwa jeneza la misumari, njoo tuongee." Nje palijaa watu mpaka jioni. Makaburi yakafukuliwa kwa amri ya mahakama. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa ugonjwa. Mashtaka yanasema dawa ilikuwa inaua maini, na aliyetaka kutoka akaseme, alinyamazishwa. Wataalamu wawili wako mahabusu. Mkubwa wao alivuka mpaka. Mzee akapewa cheti cha mwandishi bora, tukakitundika pale mapokezi, na yeye akipita hakiangaliagi.

Maana Florian hakuwemo kwenye makaburi yale.

Tangu hapo, popote kwenye ziwa hili maiti isiyojulikana ikiibuka, Mzee Lameck anatangulia. Hanichukui. Anaangalia yeye, halafu anarudi anasimama mlango wa jikoni, anatikisa kichwa, anasema, "Siyo yeye, mama." Siku hiyo hata furu hali. Nimeona miaka hii mitatu inavyomla. Presha imempanda, miguu inavimba, na Tabitha, binti anayemrithi meza, ananiambia mzee anaongea peke yake ndani ya gari.

Wafanyakazi wenzangu, juzi nikideki nilimsikia anamwomba Baltazari aongezewe muda, abaki mpaka kesi iishe. Sababu naijua mimi. Baltazari mwanangu, nakuomba mkatalie.

Tata Lameck, baba yetu, watu wa Butiama, wa Kabasa na wa Nyasura wanakushukuru, maana wamejua watoto wao wamekufaje. Vijana waliotoka pale getini wanakushukuru, leo wawili wameoa. Na mimi nakushukuru kwa kila safari uliyoangalia ili mimi nisiangalie. Ila kile kiapo chako nimekufungulia, mbele ya ofisi nzima, na nimekiandika hapa ili usije ukasema hukusikia. Nimeshaongea na Tabitha. Ikiibuka maiti nyingine, tutaenda naye, na nitaangalia mwenyewe. Naogopa, sikufichi. Lakini ni mwanangu, nitamjua hata kwa kidole.

Nenda nyumbani Butiama, mama watoto amekusubiri muda mrefu. Sisi wa Redio Mwalo tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na mahindi yanayokubali. Ukilala, lala mpaka asubuhi, baba.