Aliyeitika Mwito wa Kwanza

Mvua ya asubuhi iliwabana wote kwenye kibaraza cha duka la dawa la Ghontu, Kolkata ya kaskazini, na Mwalimu Nirmal alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Mkononi alikuwa na mitihani arobaini ya darasa la kumi, yote juu ya ile hadithi ya kutisha ambayo kila mtoto wa mji ule huisoma: usiku, Bhuban anaitwa na nishi, zimwi linaloiga sauti ya umpendaye. Ukiitika kabla ya mwito wa tatu, umekwisha. Bhuban akaitika ule wa kwanza. Kwa nini? Wanafunzi thelathini na tisa waliandika alivyowafundisha: hakujua kama ni nishi. Mouli, binti wa mpiga pasi, asiyefungua mdomo darasani, aliandika ukurasa mzima ulionyooka: Bhuban alijua. Nirmal hakuamini kuwa ameuandika mwenyewe; saa nne mwalimu mkuu angetaka jina la aliyedesa, yaani aliyeibia majibu, na aliyedesa hafanyi mtihani wa taifa.

— Kapewa jibu huyo, — alisema Ghontu. — Wazi kabisa.

— Lakini anayepewa hupewa la kupata, — alidakia Malati muuza chai, akimimina chai kwenye vikombe vya udongo. — Huyu kapewa la kukosa?

— Ndiyo ujanja wenyewe, dada! Kakosa makusudi asishukiwe.

Mzee Telegramu, karani mstaafu wa posta, aliinamia benchi na kushusha sauti.

— Jamani, baba yake anapiga pasi nguo za nani?

— Za mtaa mzima.

— Na wasimamizi wa mitihani wanavaa mashati au hawavai? Kwenye mifuko ya mashati mnasahau nini? Hilo ni genge. Genge la wapiga pasi!

Ghontu akajipapasa mfuko wa shati.

— Jumatatu nilisahau cheti cha daktari humu!

— Umeona? Sasa hivi wanajua una kisukari.

— Au nishi mwenyewe kamwandikia, — alisema Malati.

— Usicheke, dada, — alisema Ghontu. Ukurasa mzima bila kufuta neno! Binadamu huyo?

Nirmal hakucheka. Alimpenda yule binti, na ndicho kilichomuuma. Akaifungua karatasi aliyopewa na mwalimu mkuu ajaze jina la aliyedesa, akaandika: Mouli.

— Samahani, mwalimu.

Alikuwa mama mmoja muuza maua, mgeni pale, aliyejikinga mvua. Muda wote waliobishana alikuwa amekiokota kitabu cha mwalimu chenye hadithi ile pale benchini, akisoma.

— Imeandikwa wapi kwamba hakujua?

— Ukurasa wa tatu, mama.

Mama akampa Nirmal kitabu. Akatazama wa tatu, akarudi wa pili, akaenda wa nne.

— Basi... inaeleweka tu.

— Mimi naona hapa, kabla ya kuitika, anavua hirizi yake shingoni, anamvisha mtoto aliyelala. Kama hakujua, hirizi aliivua ya nini?

Ghontu akamtazama Telegramu. Telegramu akatazama mvua. Malati alisimama na birika mkononi, hamimini.

Nirmal aliusoma ule mstari mara mbili. Miaka kumi na tisa ameifundisha hadithi ile, na hakumbuki kuuona. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akalifuta jina la Mouli. Kisha akasoma tena, polepole, na kwa mara ya kwanza ile hadithi ikamtisha.