Wasalimie Kuku

Wapendwa waombolezaji, aliyelala mbele yenu ni dada yangu, aliyeondoka nyumbani kwa miaka mitatu akarudi baada ya ishirini na saba. Nyumbani tulimwita Dada tu. Kule alikotumika walimwita Mama Ufunguo. Kamati ya mazishi ilinipa karatasi yenye mambo ya kufuata: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa na kifo. Nitayafuata. Ila lipo moja ambalo kamati haikulijua, na nitalisema likifika zamu yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1955 katika nyumba za reli, mlango wa nne kutoka stesheni, akiwa wa kwanza kati ya mabinti wawili wa mkata tiketi na mshona nguo. Mimi nilifuata miaka mitatu baadaye. Mama alikuwa akisema kwamba Dada alizaliwa kimya, mkunga akamfinya ndipo akalia, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kunyamaza mpaka afinywe.

Alianza shule hapa hapa mjini, na mwaka 1965, akiwa darasa la nne, alipelekwa kwa shangazi yetu ili awe karibu na shule nzuri zaidi. Marehemu hasemwi vibaya, na shangazi naye ni marehemu, kwa hiyo nitasema tu kwamba nyumba ile ilikuwa na watu kumi na mmoja na mwosha vyombo mmoja. Shangazi alizisoma barua zote kabla hazijafungwa. Kwa kuwa tulimjua, Dada na mimi tulikuwa tumekubaliana mapema: mambo yakimshinda, aandike "wasalimie kuku." Tulikuwa na kuku sita uani, na tulikuwa watoto, hatukupata wazo jingine.

Barua ilifika wiki ya tatu. Nilikuwa darasa la kwanza, nasoma kwa kidole. Nilipolifikia neno kuku nilitoka mbio mpaka stesheni.

"Baba, Dada anasalimia kuku."

"Salamu zimefika," Baba akajibu, huku anahesabu tiketi.

"Siyo hivyo, Baba. Anataka kurudi nyumbani."

Baba alinitazama, akafunga kidirisha cha tiketi, na treni ya jioni iliondoka naye ndani. Kesho yake Dada alikuwa amekaa jikoni kwetu anakula kwa mikono miwili. Alimaliza masomo yake hapa mjini, akasomea uuguzi kuanzia 1975 hadi 1978, na akafanya kazi miaka kumi katika wodi ya watoto ya hospitali ya wilaya. Waliolazwa utotoni miaka ile wanamkumbuka kwa sindano isiyouma, na kwa uongo wake kwamba ilikuwa ya mwisho.

Jumapili tarehe 8 Januari 1989 kanisa hili lilimuaga kwenda kuhudumu nchi ya mbali. Mlioshuhudia mnakumbuka. Kwaya mbili ziliimba, Mama alilia mpaka akashikiliwa, picha ya Dada ikatundikwa ukutani kushoto kwa mimbari, na mpaka leo ipo. Mtu aliyeagwa namna ile harudi akasema amechoka. Sikuliona hilo siku ile kwa sababu nilikuwa nagawa soda.

Huko alipangiwa mtaa wa mabanda uliojengwa pande mbili za mfereji wa maji machafu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kanisa la mabati: kitanda, meza, sanduku, na dirisha moja la wavu. Wavu ulikuwa umetoboka pale watu walipozoea kuingiza kidole kumwita. Lugha ya kule ilimtesa. Katika mahubiri yake ya kwanza alitaka kusema kwamba Mungu anawapenda wenye dhambi, lakini kwa lugha yao mwenye dhambi na aliyechelewa wanatofautiana kwa mlio tu. Akatangaza kwa sauti kubwa kwamba Mungu anawapenda waliochelewa. Jumapili iliyofuata ibada ya saa tatu ilijaa saa tano, na kila aliyeingia alimpa mkono kwa furaha.

Mtaa ule ulikuwa na bomba moja lenye kufuli, na watu wa juu ya mfereji na wa chini yake walishapigana mara nyingi kwa ajili ya ufunguo. Mwaka wa pili walikubaliana ashike Dada, kwa sababu mgeni hana upande. Aliona ni heshima. Aliufunga kwenye uzi akauvaa shingoni. Kuanzia siku hiyo alifungua bomba saa kumi na moja alfajiri, akasimamia foleni ya madumu, saa mbili akaingia zahanati kusafisha vidonda na kuchoma sindano, mchana akafundisha kina mama kusoma, jioni akaongoza sala, na saa kumi na mbili akafunga bomba. Akiugua, kidole kilipita kwenye wavu. Akienda chooni, alimwachia mtu habari.

Sasa nimefika kwenye lile jambo. Barua zake zilikuja nne kwa mwaka, na mnajua zilivyosomwa hapa mbele, kila neno, na katibu wa kanisa. Mwaka 1991 kamati ya kanisa ilimwomba aongeze muda kidogo. Barua ya Agosti ikaja, imejaa shukrani na idadi ya waliobatizwa, na mwishoni: "Tafadhali wasalimieni kuku wetu wote." Kanisa zima lilicheka. Mzee mmoja akasema, "Jamani, mtumishi ana utani huyu!" Barua ya Novemba ilipowasalimia tena, mkaitikia kwa pamoja, "Kuku wazima!" Ikawa desturi yetu. Watoto wadogo waliisubiri kuliko mahubiri. Naona hata sasa baadhi yenu mnatabasamu.

Kuku hatukuwa nao. Tuliacha kufuga Baba alipofariki, mwaka 1984, na Dada alikuwepo.

Nilielewa siku ile ile ya kwanza. Nilisimama katikati ya kina mama, nikacheka pamoja nanyi. Mwezi ule nilikuwa nimechaguliwa katibu wao, na nilijua wazi kwamba walimchagua mdogo wa mmisionari. Mama alikuwa amepewa kiti cha mbele. Nilijiambia Dada atazoea. Nilimjibu kwa mkono wangu: "Kuku wote wazima, wanataga vizuri." Sina neno la kujitetea.

Marehemu hakuolewa. Alikuwepo fundi seremala, mwimbaji wa besi, waliyekubaliana naye kufunga ndoa miaka mitatu ikiisha. Alingoja sita. Siku moja alinifuata akaniuliza, "Shemeji, niambie kweli. Anarudi, harudi?" Nikamwambia amwandikie mwenyewe. Aliandika, na Dada akamjibu kwamba hajui atamwachia nani ufunguo. Fundi yule yuko nasi hapa pamoja na mkewe, na ameniruhusu kulisema hili. Jeneza mnaloliona ni kazi ya mikono yake.

Mama yetu alipofariki, Mei 2003, Dada alifunga sanduku aje kuzika. Ufunguo alimwachia mzee wa kanisa, mtu mpole, lakini makazi yake ni upande wa juu. Basi lilikuwa bado halijaondoka kituoni walipomfuata kumwambia kwamba watu wa chini wameshika marungu na mmoja amepasuliwa kichwa. Alishusha sanduku. Wakati sisi tunamzika Mama, yeye alikuwa anashona kichwa cha mtu. Barua iliyofuata ilisema Bwana ni mwema, na iliwasalimia kuku.

Nimezihesabu. Barua zenye kuku ni tisini na nane.

Ya tarehe 2 Februari mwaka huu ilisomwa kama kawaida, nanyi mkavuta pumzi kuitikia, lakini ikaishia kwenye "Wenu katika utumishi." Mkaguna kidogo, mkaendelea na wimbo. Mimi nilitoka kwenda kuulizia nauli. Jumatano nilikuwa ndani ya basi.

Nilifika Ijumaa tarehe 19 Februari. Figo zilikuwa zimemsumbua miaka minne bila yeye kumwambia mtu. Miguu ilimvimba mpaka viatu alivikata nyuma. Alikuwa kitandani na ufunguo shingoni, na kidole cha mtu kilikuwa dirishani.

"Safari hii sikuwasalimia kuku," akasema. "Mbona umekuja?"

"Ndiyo maana nimekuja, Dada."

"Kwa hiyo zote ulizielewa."

"Zote."

Alifumba macho. Nje maji yalikuwa yanagonga dumu tupu.

"Mimi nilikuwa najipa moyo kwamba umesahau," akasema. "Ulikuwa mdogo sana."

Nilimlilia miguuni. Hakunifukuza, wala hakuniambia si kitu, kwa sababu ilikuwa kitu. Baadaye akaniambia saa kumi na mbili imefika, nikafunge bomba.

Nilimuuguza siku kumi na sita, na siku zote hizo mfungua bomba nilikuwa mimi. Daktari wa mji wa jirani alisema hawezi kusafirishwa. Alifariki Jumapili tarehe 6 Machi 2016, saa tatu kasoro asubuhi, madumu yakiwa kwenye foleni. Watu wa pande zote mbili walimlilia kilio cha kweli, nami nashuhudia kwamba walimpenda. Hakuna mtaa uliowahi kumpenda mtu vile. Kisha, mwili ukiwa tayari garini, wajumbe wao walinijia na ufunguo uliofutwa vizuri.

"Mama Mdogo," mkubwa wao akasema, "wewe nawe huna upande."

Niliutazama ule uzi. Ungeingia shingoni kwangu sawasawa, nadhani. Niliuchukua, nikaenda bombani, nikaomba nyundo, nikapigilia msumari kwenye nguzo mbele ya macho ya wote, nikautundika pale. Nikapanda gari bila kugeuka nyuma.

Jana mjumbe wao aliyesindikiza mwili, ambaye ameketi pale mbele, alipigiwa simu kutoka kwao. Nilimuuliza habari za bomba. Akasema hakuna aliyepigana. Ufunguo bado uko kwenye msumari; anayeamka wa kwanza hufungua, wa mwisho hufunga. Usiku kucha nimefikiria msumari huo.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, ambaye ni mimi, watoto wangu watatu waliomwita Mama Mkubwa kwa kumwona kwenye picha ya ukutani, wajukuu watano, na mtaa mzima wa pande mbili za mfereji. Naliomba kanisa lake liishushe picha ile leo, maana mwenyewe amerudi.

Kule alihubiri kwa makosa kwamba Mungu anawapenda waliochelewa. Namwomba Mungu liwe kweli. Dada, salamu zako zilifika, zote tisini na nane. Aliyechelewa ni mimi. Hapa ni nyumbani, hakuna dirisha la wavu. Pumzika kwa amani.