Mzee Sostenes na Mikataba ya Chumbani

Baada ya miaka thelathini na moja ya kulea mabweni ya wavulana ya chuo chetu hapa Mhunze, Mzee Sostenes Magesa, Baba Ritha, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa wanachuo wanaokaa chumba kimoja kuandikiana mkataba: nani anafagia, nani anachota maji, taa zinazimwa saa ngapi. Aliusoma mstari kwa mstari, kisha akaugonga muhuri. Chumba namba sita waliwahi kuandika kwamba anayekoroma alale wa mwisho. Mzee akauliza, bila hata kutabasamu, watampimaje. Akagonga.

Karibu mikataba yote ilikuwa na kipengele kimoja: ya chumbani yaishie chumbani. Mwaka 2009, Enock, niliyekaa naye chumba kimoja, alitoroka siku ya Ijumaa kwenda kubahatisha kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, upande wa Kharumwa. Aliniambia mimi tu. Jumapili duara likatitia, na Enock hakutoka.

Bodi ya chuo ilitaka nifukuzwe kwa kunyamaza. Mzee Sostenes alisimama akasema, “Kijana ameshika mkataba, na mkataba huo niliupitisha mimi. Kama kuna wa kuondoka, ni mimi.” Alipewa onyo kali, na cheo alichokuwa akikisubiri kikaenda kwa mwingine. Mimi nilibaki, nikahitimu, na leo nafundisha hapa.

Wiki ile ile alipita chumba kwa chumba na kalamu, akiongeza kwa mkono wake kwamba siri haihusu uhai wa mwenzako. Tangu hapo hatujazika mwanachuo mwingine aliyefia machimboni.

Lakini kuna jambo ambalo bodi haikulijua. Jumamosi, siku moja kabla ya duara kutitia, Mzee aliniuliza Enock yuko wapi. Nilimwambia ameenda kwa shangazi yake Songwa. Angejua ukweli, angewasha pikipiki akamfuate, kama alivyowafuata wengine. Neno moja tu mbele ya bodi, kwamba nilimdanganya, lingemwokoa yeye na kunimaliza mimi. Hakulisema, wala hajawahi kuniuliza.

Mzee Sostenes, kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru, na tunakuombea wewe na Mama Ritha afya na siku nyingi za amani. Na mimi, kabla hujaondoka, nakuomba radhi mbele ya watu wote. Nilikudanganya, ukanisitiri.

Mwalimu Bujiku