Mkanda wa Nne Kabla ya wa Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wapenda Sinema, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: niwieni radhi kwa kuwaweka mkingoja. Ngazi za jumba hili nilizipanda miaka thelathini na moja nikiwa mwendesha mtambo wa picha. Leo zimenipanda mimi.

Nimeombwa niseme neno juu ya filamu tuliyoitazama sasa hivi, hasa zile picha za kale ambazo mwongozaji wake amezidokeza humo kwa heshima. Wengi mmezitambua. Niliwasikia mkigongana viwiko: "Ile mvua ya stesheni! Ile kofia inayoviringika!" Nami nilizitambua, ila kiwiko changu kiligonga kiti kitupu, kwani marehemu mke wangu, ambaye katika mchezo huo hakuwa na mpinzani, hayupo tena wa kunitangulia.

Lakini bwana mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Hapa kaiga, ila kakosea. Katika ile ya zamani, bibi harusi hupata barua kwanza, ndipo analia." Bwana huyo ni msomi, na amesema kweli. Je, mtaniruhusu nimjibu?

Aliyekosea ni mimi. Alasiri moja, humu humu, nilifunga mtamboni mkanda wa nne wa picha hiyo ya zamani kabla ya wa tatu, bibi harusi akalia weee, na barua haijafika. Mke wangu alinijia mlangoni akicheka: "Mzee, umelewa nini nawe hunywi?" Binti yetu, wa miaka saba, hakucheka. Aliuliza, "Mama, amejuaje?" Mama yake akamjibu, "Anayengojea hujua, mwanangu."

Binti huyo ndiye mwongozaji wa filamu hii. Siku alipoaga kwenda kuisomea kazi hiyo nilimwambia, mimi niliyekula kwa sinema, kwamba picha hazimlishi mtu. Huu mwaka wa tisa hajaingia kwangu; hata alipokuja kumzika mama yake, alilala kwa shangazi yake. Nikadhani amekwisha kunifuta. Kumbe, kati ya kazi zote za mabingwa, ameona vema kuuenzi na uzembe wa baba yake?

Kwa hiyo, bwana mkubwa, mwongozaji hakukosea. Nami natamka mbele yenu, kwa kuwa mbele yake sikuthubutu: mwanangu, nilikosea mimi, na si mikanda tu. Nyumbani ni kwako.

Maneno hayo kwake nimeyaandika kitini taa zilipowaka, na kuyatia katika bahasha. Mpiga picha wa filamu hii, huyu aliyeketi mstari wa mbele, anarejea kesho huko aliko binti yangu, naye amekubali kumpelekea. Nawashukuru kwa subira yenu na kwa kunitegea masikio.