Dawa ya Sithong

Kwenye gari la kwenda sokoni Champasak, Sithong wa kijijini kwetu alipasua kapsuli ya antibiotiki aliyonunua bila cheti cha daktari kwa muuza tambi, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda cha mguuni. Mguu ulikuwa umevimba kama papai.

"Kaka, hiyo ni ya kumeza!" alifoka mama mmoja muuza samaki. "Utakatwa mguu! Shuka zahanati."

"Kidonda kiko mguuni, dada. Niizungushe kupitia tumboni ya nini?" Mimi niliyekaa pembeni, hoja iliniingia vizuri, nikaiogopa akili yangu.

"Shuka!"

"Watanilaza, na kesho napanda mpunga."

Gari likasimama mbele ya zahanati. Mama akanyakua kikapu chenye wali wa mchana wa Sithong, akashuka nacho. Sithong akamfuata akirukaruka kwa mguu mmoja, akimtukana kwa afya njema kabisa.