Hester Pilbeam na Geti la Kilimani

Tumekusanyika kumzika Hester Winifred Pilbeam, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1943 katika kijiji hiki hiki cha Fallowdean, Sussex, mtoto wa tatu wa Albert Akehurst, mchunga kondoo, na mkewe Edith. Alizaliwa chini ya kilima cha chaki, na alijifunza kutembea juu yake.

Alisoma shule ya kijiji, kisha sekondari ya wasichana mjini Lewes, akamaliza mwaka 1959. Walimu walimlalamikia kwa jambo moja tu: alipenda mno kukaa karibu na dirisha.

Kuanzia 1960 alikuwa karani wa kiwanda cha chokaa hadi kilipofungwa mwaka 1984. Baada ya hapo alijitolea katika hifadhi ya kilimani, akifyeka vichaka kila majira ya baridi ili maua yapate jua. Huko alikuwa mkali. Waliokuja kumwaga majivu ya wapendwa wao aliwarudisha: "Mpendwa wako ni mbolea, bwana! Udongo huu ukinenepa, maua yanakwisha." Na vijana wa pikipiki walipoanza kuchimbua mteremko, ni yeye aliyepigania, mwaka 1988, lile geti jembamba nyuma ya kanisa hili, linalopitisha mtu mmoja mmoja.

Aliolewa na Clement Pilbeam, fundi bomba, tarehe 10 Juni 1967. Kwa desturi yetu, anayetangulia kwenye geti la namna ile hulishikilia, na anayefuata hulipa busu ndipo apite. Kila Jumapili mzee Clem alidai, "Ushuru, mama!"

"Fungua, mzee, watu wanatuangalia." Na kila mara alilipa.

Tarehe 14 Oktoba 2020 Hester alipatwa na kiharusi, miguu ikakataa. Kiti cha magurudumu hakikupita getini. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa miaka karibu minne Hester alikuwa mfungwa, na tusipambe maneno, iliuma. Alikiona kilima chote kutoka dirisha la jikoni na hakuweza kukigusa. Kubebwa kama gunia hakutaka hata kusikia. Wenzake wa hifadhi walipokuja na vifaa waling'oe geti, aliwafukuza huku akilia. "Mkiling'oa kwa ajili yangu, kesho pikipiki zitapita. Liacheni!"

Binti yake Rosalind alimwambia, "Mama, unajifunga mwenyewe."

"Najua. Nisukumeni mpaka getini, basi."

Ikawa hivyo. Kila Jumapili mzee Clem alimwacha getini na blanketi na chupa ya chai, akapanda peke yake, akarudi kumweleza. Mwanzoni alikuwa bure kabisa.

"Nimeona ua la zambarau."

"Clem, kilima kizima ni zambarau! Lina majani gani?"

Hajui. Anarudishwa juu kuangalia. Kufikia mwaka wa tatu alizijua okidi zote kwa majina, na Hester alifumba macho akamsikiliza mpaka chai ikapoa.

Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 25 Agosti 2024, alipomletea habari kwamba vipepeo wa buluu wametoka. Wiki hiyo Hester alishikwa na homa ya mapafu, akafariki nyumbani tarehe 2 Septemba, kitanda kikiwa kimeelekezwa dirishani.

Ameacha mume, Clement, watoto, Rosalind na Martin, mjukuu, Tabitha, na dada yake, Beryl.

Kilimani hatuwezi kumpeleka. Sheria ya mbolea ni yake mwenyewe. Tulipokaa kupanga mazishi, mzee Clem aliuliza, "Jumapili nikishuka, nitamweleza nani?" Ndiyo sababu kaburi lipo pale kando ya ukuta wa uwanja wa kanisa, mkabala na geti, ili mzee Clem asiende mbali kumweleza.

Pumzika, Hester. Geti tumeliacha kama ulivyotaka.