Mama Karakana na Meza Iliyopandishwa Matofali

Ndugu, majirani na wageni wetu, familia imenipa mimi, dada yake mkubwa, kazi ya kusoma maisha ya marehemu, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la tatu, atakayesikia nimejikwaa asicheke, au acheke tu, yeye mwenyewe angecheka.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, mtoto wa tano wa baba yetu seremala, na tangu utotoni hakuwa wa kutulia, alifungua saa ya baba, akafungua redio ya jirani, na vyote viwili havikufungika tena. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, sekondari 1971, na Januari 1975 akaingia chuo cha ufundi kusomea umakanika, msichana peke yake darasani, na mama alipouliza nani atamwoa mwanamke mwenye mikono ya grisi, alimjibu, atakayeharibikiwa na gari. Kweli, tarehe 5 Desemba 1981 aliolewa na dereva wa lori, shemeji yangu huyu hapa, ambaye mpaka leo hajui kubadili plagi, wakajaliwa binti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1983 aliajiriwa kufundisha chuoni hapohapo, wanafunzi wakamwita Mama Karakana, na mwaka 1990 akaanzisha darasa la wasichana, na hapo ndipo vita ilipoanza. Muhula wa kwanza karibu wote walianguka mtihani wa kupiga tupa, yaani kusugua chuma mpaka kinyooke, mkuu wa chuo akasema mikono ya kike ni laini, darasa lifungwe. Marehemu hakuwa mtu wa kulialia, alisimama karakanani akawatazama, akaona meza zimepimwa kwa wanaume warefu, wasichana wanasugua viwiko vimepanda juu kama kuku anayetaka kuruka, basi akawachongea vibao vya kusimamia. Kisha, kwa kuwa yeye na mimi ulimi wetu mkali ni mmoja, akaipandisha meza ya walimu juu ya matofali mpaka ikafika vifuani, akamkaribisha mkuu na wenzake, karibuni wazee, mikono migumu ndiyo tunayoisubiri. Walisugua, jasho likawatoka, vyuma vikatoka vimepinda, na mkuu, nampa haki yake, alicheka mpaka akakalia ndoo, akasema, mama, umetuweza, wape mtihani upya. Wasichana walifaulu wote isipokuwa mmoja, naye alikuwa mvivu tu, na darasa halikufungwa, leo wahandisi wa maji, mafundi umeme na mtengeneza ndege mmoja wameketi kule nyuma, wanapiga soga hata msibani.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017, figo zikaanza kumsumbua Februari mwaka jana, akalazwa hospitali ya wilaya, ambako badala ya kupumzika aliwauliza mafundi wa mashine za kusafisha damu mbona hakuna msichana kati yao, na alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Agosti 2025 akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliopika na kufagia, na walimu wenzake waliokuja wote. Mkuu wa chuo wa sasa, mwanafunzi wake, ameninong'oneza kwamba mwaka huu wasichana wamejaa mpaka wengine wanarudishwa nyumbani, nami namjibu mbele yenu wote, usimrudishe mtu mwanangu, jenga chumba.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, kelele za karakana tuachie sisi.